Dawa ya Kichina Sina Noma Nayo, Noma ni Chupa Isiyo na Jina

Wasee wa Garsen, Minjila, Hola, na nyinyi mlioenda kutafuta Mombasa na Nairobi, hii ni yenu. Simu ya mama mnaijua: magoti hayalali, vidole havikunji, na kuna dawa ya Kichina imekuja, nitumie elfu mbili mwanangu. Na unatuma. Ni mama, utasemaje?

Sasa, kuna watu wakisikia "dawa ya Kichina" wanacheka tu, ati ni uchawi. Mimi siko upande huo. Zile tembe za malaria tunazomeza, AL, zinatokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyeuchimbua akapewa Nobel 2015. Hata kwa viungo kuna kitu. Kuna mmea unaitwa lei gong teng. Utafiti mmoja wa Uchina uliotoka 2014 uliufanyia majaribio wagonjwa 207 wa ile baridi yabisi ambapo kinga ya mwili inajipiga yenyewe, na haukushindwa na methotrexate, dawa kuu ya hospitali. Lakini mmea huo huo unaweza kugonga ini na figo, kukata hedhi, na kupunguza mbegu za mwanamume. Ndiyo maana mtu anayeumeza anafaa kuwa na daktari anayempima damu. Huku kwetu tunauziwa dawa na msee aliyepanda basi la Lamu, akashuka kabla hujauliza swali.

Na anajua kuongea, huyo! Hebu angalia hata jina: baridi yabisi, yaani ubaridi na ukavu. Tiba ya Kichina nayo inasema viungo vinazibwa na upepo, baridi na unyevu. Akimwambia nyanya "hii inatoa baridi mwilini", nyanya anaona huyu ananielewa. Kule hospitali alipewa Panadol na kuambiwa ni uzee.

Shida ni kilichomo. Wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamenasa tembe za viungo zilizoandikwa "mitishamba tupu" kumbe ndani kuna deksamethasoni, prednisoloni au diklofenaki. Hizo si mitishamba, ni dawa za kizungu zilizofichwa. Ndiyo maana siku ya pili mama anatembea mpaka sokoni na mtaa mzima unataka chupa. Miezi ikipita uso unavimba, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalegea, tumbo linatoboka vidonda. Uso ukinenepa watu wanasema amepona, amenawiri. Hapo ndipo mimi huumia roho.

Lakini tusimlaumu mama. Tulio huku Tana tunaishi na mbu na mafuriko, na chikungunya inaacha viungo vikiuma kwa miezi, wengine miaka. Jirani zetu Lamu waliipata 2004, sehemu kubwa ya mji. Halafu kuna hiyo ya kinga ya mwili, inayoanza kwa vidole vya mikono yote miwili, asubuhi vimekakamaa hata saa nzima. Hiyo ikichelewa kutibiwa inapinda mkono na haurudi. Madaktari wa viungo ni wachache Kenya hii, na wengi wako Nairobi. Afya iko kwa kaunti tangu 2013. Kwani ni ngumu kumleta mmoja Hola, hata mara moja kila miezi mitatu? Methotrexate ni dawa ya zamani, si kitu cha matajiri. Wagombea wakija Garsen na fulana, waulizeni hilo, bana.

Na wewe unayetuma pesa una nguvu kuliko unavyodhani. Kabla ya kutuma, omba picha ya chupa, pande zote. Uone nani ameitengeneza, ndani kuna nini, na kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Ikiwa ni maandishi ya Kichina tu, au karatasi ya nailoni bila neno, hiyo elfu mbili iwe nauli ya kwenda hospitali.

Kama ameshaimeza kwa wiki kadhaa, usimpigie ukifoka aache leo leo. Ikiwa ndani mna steroidi, kuikata ghafla kunaweza kumwangusha, manake mwili umeshazoea kutotengeneza zake. Aibebe hiyo chupa, aiweke mezani kwa daktari, aseme anameza ngapi na tangu lini.