Mwaulipia Mng'ao

Kuna watu wakiona Peugeot 504 iliyooza wanasema, "Ipige spre tu, itarudi." Hao ndio wanaomaliza magari ya zamani. Mvua inasingiziwa tu.

Naandika kutoka Werugha, juu milimani Taita, ambako ukungu ukishuka unaweza kukaa hadi saa tano. Gari la mjomba wangu, 504 stesheni wagoni, limelala nyuma ya nyumba chini ya mparachichi zaidi ya miaka kumi. Ni ukoo mmoja na zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ila hili lilishinda likibeba kabeji. Majani yaliziba njia za maji chini ya kioo cha mbele, maji yakaingia sakafuni na kwenye mihimili iliyo chini ya milango, na chuma kikaliwa kutoka ndani. Kale kalengelenge unakokaona kwenye rangi ni habari ya zamani. Huko nyuma kushatoboka.

Dawa inajulikana. Unakwangua hadi chuma cheupe, unakata palipooza, unachomelea bati jipya, unapaka praima ya epoksi inayozuia maji, ndipo fila kidogo ya kusawazisha. Kidogo! Fila hunyonya unyevu; ukizibia tundu nayo, kutu inaendelea kula kimyakimya.

Mafundi wa bodi wanajua haya kuliko mimi. Fundi mmoja huko Voi alimtajia mjomba bei mbili, ya kukata na ya kuziba. Ya kuziba ilikuwa robo ya ile nyingine, na binamu zangu wakashangilia robo. Masika yakipita, rangi ikipasuka, haohao watasema jua kali ni wezi. Mazee, ulimlipa mtu mng'ao, sasa unamdai chuma?

Na haraka yetu pia! Ukipiga rangi kwenye ukungu, thina ikikauka inapoza bati, unyevu unatua juu yake na rangi inatoka na weupe kama maziwa. Huku lazima ungoje jua. Ukikimbilia Voi, vumbi jekundu linakungoja. Huko kungoja nako ni kazi, fundi alipwe.

Kule Nairobi kwenye Concours d'Elegance, waamuzi hukagua hadi chini ya gari. Eti hayo ni ya matajiri. Tajiri ana gari jingine. Mjomba ana hili tu. Tena 504 kama hii haina chesisi ya pembeni, ile mihimili iliyooza ndiyo inayoishikilia bodi yote. Mnataka ikatikie wapi, kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate, na nyanya yetu akiwa kiti cha nyuma?

Nimemwambia mjomba aanze na muhimili wa kushoto, hata kama gari litatembea mwaka mzima na mabaka ya praima ya kijivu. Binamu wameshachagua rangi, nyekundu ya kumeremeta. Mimi nimewaomba hela ya bati. Hadi leo kwenye grupu ya WhatsApp ni kimya, tiki mbili za buluu.