Mbuzi Kumi na Mmoja na Msamaha wa Rais
KIVULINI, na Nakiru Ebei

Nje ya mahakama ya Lodwar, chini ya mwarobaini, mzee mmoja aliyeketi juu ya ekicholong, kigoda chake, alinihesabia mbuzi kumi na mmoja. Hakutumia vidole. Alitaja rangi: yule mweusi wa paji jeupe, yule wa kijivu aliyekatwa sikio la kushoto, mpaka wakaisha. Aliyewaiba alifungwa, kisha akatoka kabla ya muda wake, kwa msamaha wa sikukuu. "Serikali imemfunga, serikali imemsamehe," mzee akaniambia. "Sasa binti yangu, aliyeibiwa ni serikali au ni mimi?"

Kifungu cha 133 cha Katiba ya Kenya kinampa Rais uwezo wa kusamehe, akishauriwa na kamati yenye Mwanasheria Mkuu, waziri anayesimamia magereza na wengine wasiopungua watano. Kamati inaruhusiwa kuzingatia maoni ya aliyekosewa. Hailazimishwi.

Wapo wanaotaka uwezo huo tupewe sisi wa Turkana, aushike gavana, kama ilivyo katika majimbo mengi ya Marekani. Sitaki. Gavana ana ukoo na ana kura za kutafuta. Kila uchaguzi tungehesabu wezi walioachiliwa, wadi kwa wadi.

Basi wazee? Kupatanisha wanajua. Amani ya Lokiriama, iliyofungwa na Waturkana na Wamatheniko wa Uganda mwaka 1973, bado tunaiadhimisha kila Septemba. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kulipana ngamia na mbuzi. Lakini wazee hao hao nimewaona wakimaliza kwa mbuzi vilevile kesi ya msichana aliyenajisiwa, na mbuzi wakaingia zizi la baba. Msichana hakuitwa hata kivulini.

Halafu kuna Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992. Ukisema wenyeji wasamehe wenyewe, wenyeji ni nani pale? Mkosaji katoka Sudan Kusini, aliyekosewa Mturkana, shahidi Msomali, na kila mmoja ana wazee wake na mti wake.

Kalamu na ibaki kwa Rais. Ila kabla jina la mfungwa wa huku halijapelekwa kwake, kamati ije iketi Lodwar au Kakuma, na mkalimani, imsikilize aliyeumizwa, yeye mwenyewe wala si baba yake. Bunge likaze sheria ya mwaka 2011 inayoiongoza kamati hiyo, lifanye jambo hilo kuwa lazima.

Mwizi wa mzee yule ni jirani yake. Hukutana kwenye visima vya mchangani vya mto Turkwel, wakaamkiana, wakanywesha mifugo. Kumi na mmoja wote hakuwa akiwadai, mzee aliniambia. Angechukua sita, mradi yule wa sikio la kushoto awemo.