Daftari la Wiki: Ugali Nusu

Kwa mama lishe mmoja hapa Makole, Dodoma, saa saba mchana, dada mtumishi wa ofisini aliomba ugali nusu na mlenda wa kutosha. Mama akausimamisha mwiko juu ya sufuria: "Mwanangu, unaumwa?" Dada akajibu kwamba anapunguza mwili. Kijana wa bodaboda akadakia kuwa yeye yuko barabarani tangu alfajiri, akila nusu hamalizi siku. Ubishi ukaanzia hapo, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Swali la mama lisichukuliwe kama umbea. Miaka ya tisini mtu akikonda, mtaa mzima ulinong'ona kwamba amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI, na wengi tuliwazika. Kabla ya hapo Ugogo, nchi yetu hii ya Dodoma, ilipitia Mtunya, njaa kuu iliyotokana na Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mwili mnene ulikuwa habari njema. Anayewacheka wazazi kwa kusifia kitambi hajui walikotoka.

*

Jina linalotajwa sana katika ubishi huu ni la Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na tangu 2025 ni mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Kwa miaka kadhaa amewaambia Watanzania wapunguze chakula na sukari, wachunge viuno vyao. Wapo waliomshukuru, wapo waliokasirika kwamba anawanyima raha ya kula. Mimi namuunga mkono. Tangu Serikali ihamie Dodoma, wengi wetu tunakaa kitini kutwa nzima, lakini sahani zetu bado ni za mtu anayelima.

*

Ugali wenyewe unaonewa; tatizo ni unga. Sembe nyeupe imekobolewa, pumba na kiini vimebaki mashineni, na pamoja navyo nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Uwele na mtama, nafaka za ardhi hii kavu, huweza kusagwa na maganda yake. Ule tonge la uwele kwa mlenda uone kama jioni utatafuta andazi. Inaniuma kuona vijana wa hapa wakikiita hicho chakula cha shida, huku wakinunua kwa bei kubwa unga wa kupunguza mwili usiojulikana umechanganywa nini.

*

Lakini ushauri wa kupunguza si wa kila mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo katika nyumba moja baba anaweza kuambiwa apunguze na mtoto aongezewe yai, maziwa na karanga. Ushauri wa baba usihamie kwenye bakuli la mtoto.

*

Hili la mwisho ni ombi. Kama unatumia dawa za kisukari, usianze kuruka milo kwa sababu jirani amepungua; sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Kituo cha Afya Makole kipo jirani. Nenda upime sukari, presha na kiuno, umuulize mhudumu wa afya, ndipo uamue ugali wako uwe nusu au mzima.