Ndege Mgeni Aandikwe Siku Ile Ile

Husimuliwa kwamba huko Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, jua lilipatwa mchana, na jeshi la Mfalme Olimi wa Bunyoro likakimbia, likawaacha ng'ombe liliowateka. Kwa kuwa simulizi ilihifadhi mahali na majina ya wafalme, baadhi ya wanahistoria wameweza kuihusisha na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili, 1520. Ushahidi uliokamilika hufaa hata vizazi vya mbali.

Ndivyo ilivyo kwa ndege asiye wa mahali pale. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Mwaka 1947 alikwisha kuonekana Mombasa, kisha akaenea pwani, akila mayai na vifaranga vya ndege wa asili na vya kuku. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Kumbe hapo mwanzo walikuwa wachache wa kuhesabika!

Wenye kufuga kuku Biharwe na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wamemzoea kunguru mweusi mwenye kifua cheupe. Huyo ni mwenyeji. Yule mgeni ni mdogo kidogo. Shingo na kifua chake ni vya kijivu, wala hana weupe.

Akionekana ndege wa namna hiyo, au mwingine asiyejulikana, asifukuzwe kabla ya kutazamwa vyema. Iandikwe tarehe, saa, mahali hasa na idadi. Ukubwa ukilinganishwa na ndege ajulikanaye. Rangi ya mdomo na miguu. Sauti, na alichokuwa akila. Haya yaandikwe kabla ya kufungua kitabu cha ndege, kwani picha huweza kuigeuza kumbukumbu. Shahidi wa pili aandike peke yake. Mwenye simu apige picha, hata ikiwa hafifu. Kisha taarifa ipelekwe kwa chama cha NatureUganda, Kampala.

Kutojua jina si kizuizi. Nakivale wapo Wakongo, Wanyarwanda, Warundi na Wasomali, na kila mmoja humwita ndege kwa lugha ya kwao. Lakini rangi, saa na mahali havibadiliki kwa lugha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.