Dawa ya Lupangu

Wapendwa wazazi na vijana wa Koni na Likasi, pandeni sinda mbele ya nyumba. Shina moja tu, ulimwagilie wakati wa kiangazi, na kisha utagawia majirani. Lumba-lumba pia: majani yake mu maji ya moto yanatuliza kifua. Aloe iwe karibu na jiko, maana watoto wetu wanajua kuungua! Kwanza maji baridi, mingi, kisha utomvu wake.

Lakini angalieni udongo. Mu 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi mu mkojo. Vumbi inakaa hata juu ya majani ya dawa. Basi, usipande kando ya mtaro wa maji ya kiwanda. Kata bido ya zamani, toboa chini, jaza udongo wa mbali, na majani uyaoshe.

Na wewe mama mwenye artemisia, unisikilize. Kweli, dawa ya malaria ilitoka mu mmea huo. Tu Youyou wa China alipewa Nobel mu 2015 kwa ajili yake. Lakini nguvu ya majani haina kipimo, na mu 2019 OMS ilikataa chai hiyo kwa kutibu malaria. Nimekesha na familia iliyongoja siku tatu na chai. Mtoto alifika hopitali hana damu. Homa ikishika mtoto, apimwe leo leo. Chai ya sinda atakunywa akirudi.