Mashua Kuukuu Katika Mafunzo ya Tanga

Msomaji wetu mmoja, karani akaaye Uingereza, ameniandikia habari ya jambo linalomsumbua. Amenunua mashua ndogo ya tanga ya namna iitwayo Mirror, ya mbao, iliyokaa miaka mingi chini ya turubai uani kwa mwenyewe wa kwanza. Sasa chama cha mashua cha mahali pake kimemwalika kwenye mafunzo ya Jumamosi na Jumapili, naye auliza: je, si aibu kwenda na chombo kikuukuu, hali wenzake watakuja na vipya vya plastiki?

Aibu hakuna. Mirror ilibuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell mwaka wa 1962, kwa msaada wa gazeti la Daily Mirror, ndiyo maana matanga yake ni mekundu. Ilikusudiwa mtu wa mshahara mdogo aweze kuiunda mwenyewe nyumbani: mbao nyembamba hushonwa pamoja kwa waya wa shaba, kisha mishono hufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Wazee wa Lamu hawatastaajabu, kwa kuwa mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba za makumbi. Mirror zaidi ya 70,000 zimeundwa, basi hakuna mwalimu atakayeitazama kama kioja.

Linalonitia wasiwasi mimi ni hewa. Chombo hiki, chenye urefu wa futi 10 na inchi 10, kina vyumba vilivyozibwa, vyenye hewa tupu, ili kikipinduka kisizame. Na katika mafunzo ya namna hii mashua hupinduliwa kwa makusudi. Mwanafunzi mmoja hupanda juu ya ule ubao ushukao chini ya mashua, akaiinua kwa uzito wake. Mwenziwe hungoja majini upande wa pili, ili mashua iinukapo imchukue ndani. Ikiwa chumba kimoja kimeingia maji, mashua huinuka ikiwa imeelemea upande, ikapinduka tena. Maji ya Uingereza, hata mwezi wa Mei, ni baridi ya kumaliza nguvu za mtu upesi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya siku hiyo paka maji ya sabuni juu ya mishono, kisha mtu apulize kwa mdomo katika tundu la kizibo. Povu likitokea, hapo pana ufa. Usitumie pampu, maana yaweza kupasua maungio. Gonga mbao kwa mpini wa kisu, hasa pembeni ambako maji ya mvua hutuama: palipo pazima hutoa mlio mkavu, palipooza hulia kama boga. Kamba zishikazo mlingoti, zikiwa zimechakaa, nunua mpya. Tanga lililolegea si kitu. Litakupunguzia mwendo tu.

Ufikapo, mwambie mwalimu mapema kwamba chombo ni cha zamani, na Jumamosi usiende mbali na pwani. Jioni fungua vizibo, utazame maji yaliyomo. Kikombe kimoja si neno. Yakijaa ndoo, Jumapili uombe mashua ya chama, na hiyo yako irudi nyumbani kutengenezwa.