KARANI DHAIFU NA NENO LA SIRI

Wengi wetu tulioingia kazini tukiwa makarani wa chini leo tumewekwa juu ya wengine, nasi tumekwisha kuonja shida ambayo zamani tulidhani ni ya wakubwa tu: yuko mtu ofisini ambaye kazi yake haitoshi. Si mwizi wala si mlevi. Huja kwa saa yake, huwaamkia watu kwa adabu; lakini barua zake hurudishwa mara tatu, na jalada aliloliweka yeye halionekani tena. Mtu huyu tumfanyeje?

Mkubwa mwenye hasira humkaripia mbele ya wenzake na mbele ya wageni waliokuja na haja zao. Tangu siku ile karani huficha makosa yake, na kosa lililofichwa hudhuru kuliko lile lililo wazi juu ya meza. Walakini kwa maoni yetu mkubwa huyo si mbaya kuliko wote. Mbaya zaidi ni yule mpole, asemaye, “Haidhuru, bwana,” kisha jioni humpa karani hodari kazi ile ile aifanye upya. Hodari huongezewa mzigo kwa kuwa ni hodari, dhaifu hupunguziwa kwa kuwa ni dhaifu, na mwisho wa mwezi mshahara wao ni sawasawa. Naye mkubwa huyo akiulizwa habari za mtu wake, ama huandika kwa siri maneno mawili matatu makali, ama humsifu kupita kiasi ili ahamishwe upesi, awe mzigo wa wilaya nyingine. Hila hii ya pili twaifahamu sote, ingawa hatupendi kuitaja.

Habari ya kuandika kwa siri si jambo la kubuni. Katika Tanzania taarifa za kila mwaka juu ya watumishi wa Serikali zilikuwa za siri hata mwaka 2004. Mtu aliweza kukaa miaka mingi pasipo kupanda cheo, asijue ni mstari gani katika karatasi gani uliomzuia. Mwaka huo ukaletwa utaratibu wa wazi ulioitwa OPRAS: mtumishi na mkubwa wake wapatane mwanzo wa mwaka juu ya kazi zitakazofanywa, waonane tena katikati ya mwaka, na mwisho wapime pamoja. Utaratibu huo nao umekwisha kuachwa, na sasa kazi hupimwa katika kompyuta kwa mfumo wa PEPMIS. Lakini twakumbuka fomu za OPRAS zilivyojazwa katika ofisi nyingi: mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka, zote siku moja, kwa kalamu moja. Chombo hakikuwa kibaya. Uvivu ulikuwa wetu.

Mimi mwandishi sina haki ya kuwacheka wengine. Nilipata kuwekwa juu ya masijala ya ofisi moja, nikamkuta kijana ambaye majalada yalimpotea kila juma. Nalimwandikia barua ya onyo kabla sijamwuliza neno. Alipokuja kujibu, alinieleza kwa upole kwamba aliyemtangulia aliondoka bila makabidhiano, wala hakuna aliyemfundisha namba za majalada; akaona haya kuuliza, akajitungia utaratibu wake mwenyewe. Tulikaa naye asubuhi kwa muda wa majuma mawili tukipitia rejista. Hakuwa karani bora kupita wote, lakini majalada yalionekana. Barua yangu ingali katika jalada lake.

Niliyoyafanya kwa kuchelewa, sheria yataka yafanywe kwanza. Kanuni za ajira za Tanzania za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zamtaka mwajiri achunguze sababu za kazi duni, amwongoze mtu, na kumpa muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mtu aelezwe kosa lake kwa lugha aifahamuye, na wakati huo awe na haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama cha wafanyakazi.

Hatusemi mtu dhaifu astahimiliwe milele. Mshahara wake watoka katika kodi ya mkulima, na yule mama aliyesafiri siku nzima kufuata cheti hana hatia. Aliyefundishwa, akaandikiwa wazi kazi inayotakiwa na tarehe ya kuitimiza, kisha asibadilike kwa uvivu wake, hatuwezi kumtetea kwa kuwa tu ni mwenzetu. Kwa hiyo mwanachama aletaye malalamiko mbele ya Kamati kwamba ameonewa, na aje na karatasi zote alizoandikiwa, hata zile zisizompendeza. Na mkubwa aliyemshtaki, akiwa naye ni mwanachama, ataulizwa ni siku gani alimwita na kumwambia.